Upepo unapita juu, wewe unaziba chini!

Wewe mtoto wa mjini uliyezoea joto la Dar, ukipata kazi mkoani Njombe usije na shuka moja kama mimi! Njombe mjini ni karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni mpaka Julai baridi ni ya kufa mtu. Mimi geto nilipanga Makambako, pale barabara ya Songea inapochepuka. Huko baridi inakuja na upepo.

Nikasokomeza matambara chini ya mlango, nikabandika magazeti dirishani. Wapi! Pazia likaendelea kucheza. Fundi jirani akacheka, akawasha mshumaa, akaupitisha taratibu ukutani. Mwali ukalala kule juu, ukuta unapokutana na bati. Kumbe matofali hayajafika bati, na dari hakuna! Joto lote linapaa na kutokea huko. Tukaziba kwa vipande vya tofali na udongo, kisha tukazungushia saruji fremu ya dirisha na tundu la waya wa umeme.

Usiku nikaingiza jiko la mkaa. Mama mwenye nyumba akagonga: "Mwanangu, unataka tukuzike?"

Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, ndiyo basi. Na ile mianya niliyoiziba ndiyo ingeitoa nje.

Jiko sasa linalala kibarazani. Mimi nina mablanketi mawili.