Kwa nini diski inagoma kuwekwa "kusoma tu"?

Tuseme unatunza kompyuta ya alama za wanafunzi kwenye shule moja huko Manyoni. Unataka kunakili diski nzima, na wakati unanakili kitu chochote kisibadilike, la sivyo utapata nakala yenye nusu alama mpya, nusu za zamani. Kwenye Linux unaandika `mount -o remount,ro /data`, yaani diski isomeke lakini isiandikwe. Kompyuta inakujibu kwamba diski ina shughuli. Shughuli gani?

Fikiria ghala la alizeti, maana hilo watu wa Singida tunalijua. Mtunza ghala anataka kufunga leja ahesabu magunia. Wanaoisoma leja hawamsumbui. Anayemsumbua ni aliyeshika kalamu. Kerneli, yaani moyo wa mfumo, inafuata utaratibu huohuo. Faili lililofunguliwa kwa kusoma tu halizuii kitu. Lililofunguliwa kwa kuandika linazuia, hata kama programu haijaandika herufi moja tangu asubuhi, kwa sababu ruhusa ilishatolewa na inaweza kutumika wakati wowote.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi: faili lililofutwa. Ukifuta faili ambalo programu bado inalitumia, linaloondoka ni jina lake tu. Data inabaki kwenye diski mpaka programu ilifunge. Likifungwa, nafasi yake lazima irudishwe kwenye hesabu ya diski, na kufanya hivyo ni kuandika. Kwa hiyo linazuia hata kama linasomwa tu, na ukilitafuta kwenye folda hulioni! Hutokea sana baada ya kusasisha mfumo: mafaili ya zamani yamefutwa, lakini programu zilizowashwa kabla bado zimeyashikilia.

Utawapataje wahusika? Andika `lsof /data`. Kwenye safu ya FD, namba ikifuatwa na `w` au `u`, huyo ameshika kalamu. Mwenye `r` anasoma tu. Kisha `lsof +L1` itakuonyesha mafaili yaliyofutwa ila bado yanatumika. Zima programu hizo kwa utaratibu, ukianza na hifadhidata, halafu rudia amri yako ya kwanza. Usichomoe waya kwa hasira: alama ambazo bado ziko kwenye kumbukumbu hazitafika kwenye diski.