Kansa ya utumbo: fundi Sid kapigiwa kufuli

AGOSTI 28, 2020 Chadwick Boseman, yule mshikaji wa sinema ya Black Panther, alifariki dunia akiwa na miaka 43 tu. Watu tulipigwa butwaa. Kumbe jamaa alikuwa anaumwa kansa ya utumbo mpana tangu 2016, akapiga sinema kibao katikati ya upasuaji na dawa kali bila kumwambia mtu wa nje. Ilikutwa ikiwa hatua ya tatu, ikaenda ya nne.

Hatua ya nne ndo balaa lenyewe. Maana yake ugonjwa umehama nyumbani, umepanda damu na kwenda kufungua tawi kwingine, mara nyingi kwenye ini. Uvimbe ukiwa bado utumboni tu, daktari anaweza kuukata mambo yakaisha. Wengi wanauawa na hayo matawi. Sasa seli ya utumbo imejifunzia wapi kusafiri?

Majibu yapo mengi, lakini moja limejificha kwenye sukari. Subiri, usimwage chai yako! Sizungumzii sukari ya dukani. Kila seli ya mwili wako imevaa vinyuzi vya sukari kwa nje, kama nywele vile. Hata makundi ya damu ndo hayohayo: mwenye A na mwenye B wanatofautiana sukari moja tu ya mwisho kwenye unyuzi, na mwenye O hiyo ya mwisho hana.

Sukari hizo zinapachikwa na vimeng'enya. Kila kimeng'enya ni fundi wa sukari yake, na kila fundi anatengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake. Jeni ikilala, fundi hakuna.

Kwenye utumbo mpana wa mtu mzima wa afya yuko fundi mmoja hodari, jeni yake inaitwa B4GALNT2. Yeye hukamilisha unyuzi unaoitwa Sda. Jina hilo lina kichekesho chake. Kundi hilo la damu lilipotangazwa mwaka 1967, lilipewa jina la Sid, mkuu wa matengenezo kwenye taasisi ya Lister kule London, maana damu yake ilikuwa na sukari hiyo kwa wingi. Wenzake wamesoma mpaka macho yameingia ndani hawakupata kitu cha kuitwa jina lao, Sid kapata hivihivi! Basi na sisi fundi wetu tumwite Sid.

Fundi Sid anagombea unyuzi na fundi mwingine, anayepachika sukari ya fukosi. Sid akiwahi, unyuzi umefungwa, kazi imekwisha. Asipokuwepo, yule mwenzake anajinafasi, na unyuzi unageuka kuwa kitu kinachoitwa sialili Lewis. Hapo ndo kasheshe inapoanza.

Sialili Lewis ni tiketi. Chembe nyeupe za damu zinayo kihalali. Ukiumia na wadudu wakaingia kwenye kidonda, kuta za mishipa ya damu ya karibu zinatoa protini ya kunasia, E-selektini. Chembe nyeupe inapita kwa kasi, inanaswa kwa tiketi yake, inabiringika, inasimama, kisha inapenya kwenda kupigana. Umeshawahi kumwona konda anavyoruka toka kwenye daladala kabla halijasimama, akadaka nguzo ya kituo? Ndo hivyo. Na seli ya kansa yenye sukari hiyohiyo inashuka vituo vilevile, kwa tiketi ya kughushi.

Kwenye kansa ya utumbo mpana, fundi Sid huwa anapungua sana au anapotea kabisa. Ungedhani jeni yake imevunjika. Wapi! Mara nyingi jeni ipo nzima, herufi zote zimo. Sababu mojawapo ni kwamba mlangoni pa jeni pamebandikwa vipande vidogo vya kemikali viitwavyo methili, isisomeke. Kiwanda kipo, mashine zipo, ila mtu kapiga kufuli getini.

Mwaka 2005 watafiti wa Japan walitangaza kwamba wameirudisha jeni ya Sid ndani ya seli za kansa ya tumbo na ya utumbo. Tiketi za kughushi zikapotea, na kwa panya waliochomwa seli hizo kusambaa kukapungua. Utauliza, si wafungue tu hayo makufuli? Dawa za kuondoa methili zipo. Desitabini ilikubaliwa Marekani mwaka 2006 kwa ugonjwa wa uboho. Tatizo haichagui mlango: inafungua wa Sid na wa jirani zake wote, wema na wabaya. Kwa hiyo mgonjwa wa utumbo bado anategemea kisu na dawa zilezile kali.

Kuna na hili la kipimo. Sukari ndugu ya hiyo, sialili Lewis a, hupimwa kwenye damu kwa jina la CA 19-9. Kipimo hicho kilianzia Philadelphia mwaka 1979, kwa seli za kansa ya utumbo mpana. Lakini wapo watu waliozaliwa bila fundi wa kuitengeneza, na sisi Waafrika tunao wengi kuliko Wazungu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na kansa kubwa na karatasi ya maabara ikasoma karibu na sifuri. Akatoka anachekelea!

Kipimo cha kuaminika ni ule mpira wenye kamera, unaopitishwa njia ya haja kubwa. Najua vijana wa mjini mmeshanuna. Hata kusema kwamba umeona damu chooni watu wanaona soo, wanasingizia pilipili au bawasiri mwezi wa pili huu. Boseman alikutwa nayo akiwa ndo anagonga 40.