Breki ya mtutu yaokoa bega, yaponza masikio

MWINDAJI anayemlenga nyati kwa bunduki ya magnum hukabiliwa na hofu mbili. Ya kwanza ni ya nyati mwenyewe. Ya pili, ambayo wengi huona haya kuitaja, ni ya bunduki aliyoishika mkononi.

Hofu hii ya pili ina msingi. Mtu aliyegongwa begani mara kadhaa na kitako cha bunduki nzito huanza kufumba macho na kukaza misuli hata kabla hajavuta kifyatulio. Mtutu husogea kidogo tu, lakini kidogo hicho, katika umbali wa mita 60, chatosha kuipeleka risasi tumboni mwa mnyama badala ya moyoni. Nyati aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani, na kazi ya kumfuata huko humwangukia mwindaji bingwa pamoja na wafuata nyayo wake, ambao hawakuwa na kosa lolote.

Dawa ambayo mafundi wa bunduki wamekuwa wakiiuza kwa miaka mingi ni breki ya mtutu. Ni bomba fupi la chuma, lenye urefu wa kidole hivi na matundu ubavuni, ambalo hukazwa kwenye mdomo wa mtutu kwa kuzungushwa mithili ya kifuniko cha chupa. Wanaovuta kifyatulio hukisifu kifaa hicho. Wanaosimama kando yao hukilaani, na wana sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Nchini Kenya, uwindaji wa aina hii ulipigwa marufuku Mei 1977. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoundwa jijini Nairobi mnamo 1934, kilivunjwa mwaka huo huo. Tanzania nayo ilikuwa imeusitisha uwindaji wa kitalii mwaka wa 1973, lakini ikaurejesha 1978, na hadi leo wageni huingia katika mapori ya akiba wakiwa na leseni na bunduki zao. Mabishano kuhusu breki husikika sana katika kambi kama hizo, pale mgeni anapofungua sanduku la bunduki na wenyeji wake wakauona mtutu ulio na matundu nchani.

Ili kuelewa kiini cha mabishano hayo, yafaa kwanza kujua bunduki hugonga bega kwa nini.

Anayeruka kutoka mashuani hadi gatini huisukuma mashua nyuma kadiri yeye anavyokwenda mbele. Bunduki ni vivyo hivyo. Kila kinachotoka mtutuni kwenda mbele huisukuma bunduki nyuma, na kadiri kinavyokuwa kizito na chenye kasi ndivyo msukumo unavyozidi. Isaac Newton aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 17, na hakuna fundi aliyewahi kuikwepa.

Neno 'magnum' ni la Kilatini na maana yake ni 'kubwa'. Katika bunduki za kuwindia, hutumiwa kwa risasi zenye ganda kubwa na baruti nyingi kuliko za kawaida. Mojawapo ya zile za kale ambazo zingali zinatumika ni .375 iliyobuniwa na kampuni ya Holland & Holland ya London mnamo 1912. Mwaka wa 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa .458, ikiiuza katika bunduki iliyopewa jina la 'African', maadamu ilikusudiwa tembo na nyati wa bara hili. Miaka michache baadaye ikaja .460 ya Weatherby, nayo ikazipita zote mbili kwa ukali.

Risasi ya .458 ina uzito wa gramu 32 hivi na huchomoka kwa kasi inayozidi mita 600 kwa sekunde. Bunduki yenye uzito wa kilo nne na nusu hurudi nyuma kwa karibu mita sita kwa sekunde, kasi ya baiskeli inayokimbizwa barabarani. Kwa vipimo vya nishati, hizo ni jouli 75 hivi. Bunduki ya kawaida ya .30-06, ambayo mtu mzima huizoea bila shida, hutoa jouli 27 hivi. Ile .375 hukaribia 50, na .460 ya Weatherby huvuka 130.

Lakini risasi haitoki peke yake. Baruti inapoungua hugeuka gesi, na gesi hiyo ina uzito ule ule wa baruti iliyoizaa. Katika .458 ni gramu nne na nusu au zaidi kidogo, katika.460 ni karibu gramu nane. Risasi inapoondoka mdomoni mwa mtutu, gesi hufumka nyuma yake kwa kasi kubwa kuliko ya risasi yenyewe, wakati mwingine karibu maradufu. Kwa hiyo, ingawa ni nyepesi, mchango wake katika kuligonga bega si haba. Katika .458 ni kama sehemu moja kwa tano ya msukumo wote. Katika bunduki yenye risasi nyembamba na baruti nyingi, mathalan .300 Winchester Magnum, mchango huo hufikia thuluthi moja.

Sehemu hiyo ya gesi ndiyo pekee ambayo breki yaweza kuigusa. Risasi hukaa mtutuni kwa takriban elfu moja ya sekunde, na wakati inapotoka bunduki huwa haijarudi nyuma zaidi ya milimita tano hivi. Msukumo uliotokana na risasi umeshakuwa deni ambalo lazima bega lililipe. Gesi inayofuata, hata hivyo, bado yaweza kuelekezwa kwingine. Hupenya matundu ya breki na kupiga kuta zake za ndani, ikazisukuma mbele kama upepo unavyolisukuma tanga, kisha ikatawanyika kando. Matundu yakichongwa yakielekea nyuma kidogo, gesi huivuta bunduki mbele kwa nguvu zaidi, hata ikafidia sehemu ya msukumo wa risasi.

Kuna hesabu moja ambayo wauzaji huipenda, na ni ya kweli. Nishati ya bunduki inayorudi nyuma hupungua kwa mraba wa kasi yake. Breki ikipunguza kasi hiyo kwa asilimia 20 pekee, nishati hupungua kwa asilimia 36. Ndiyo maana mtu aliyefunga breki nzuri husema bunduki yake imekuwa kama nyingine kabisa. Hii pia ndiyo sababu breki husaidia zaidi bunduki inayokula baruti nyingi kuliko ile yenye risasi nzito na baruti ya kiasi. Anayetarajia .458 igeuke mwanakondoo kwa sababu ya kifaa hicho atavunjika moyo.

Wazo lenyewe halikuzaliwa porini. Lilijaribiwa kwanza kwenye mizinga ya kijeshi katika karne ya 19. Katika miaka ya 1920, mwanajeshi wa Marekani, Richard Cutts, alibuni kifaa cha matundu kilichofungwa kwenye bunduki maarufu za Thompson ili mtutu usiinuke wakati wa kufyatua risasi mfululizo. Kutoka huko likaingia kwa wawindaji.

Sasa turejee kwa gesi iliyotawanywa kando. Bila breki, mshindo wa bunduki huelekea mbele, mbali na watu. Breki huugeuza na kuurudisha walipo mfyatuaji na wote walio ubavuni pake.

Bunduki ya kuwindia isiyo na breki hutoa mshindo wa kati ya desibeli 155 na 165 karibu na sikio la mfyatuaji. Breki huongeza desibeli tano hadi kumi. Nyongeza hiyo huonekana ndogo kwa asiyejua kwamba kipimo hiki hupanda kwa kuzidisha: desibeli kumi ni nishati ya sauti mara kumi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka desibeli 140 kuwa kilele ambacho sikio la mtu mzima lisilokingwa halipaswi kuvuka, hata kwa mshindo mmoja. Mtoto ni 120.

Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Mshindo mkali huzivunja. Kwa binadamu, seli hizo zikishakufa hazioti tena. Kinachobaki ni mvumo wa kudumu masikioni, kisha kupotea kwa sauti nyembamba: mlio wa ndege, kuvunjika kwa kijiti, mwenzako anaponong'ona.

Fikiria sasa mpangilio wa watu porini. Mfuata nyayo ndiye hubeba vijiti vitatu vya kulengea. Akimwona mnyama, huvisimika mbele ya mgeni na kuchutama papo hapo, pengine akivishikilia ili visiyumbe. Mgeni huweka bunduki juu ya vijiti na kufyatua. Kichwa cha mfuata nyayo huwa hatua moja kutoka kwenye matundu ya breki. Mwindaji bingwa husimama upande wa pili, bunduki yake tayari, akisubiri kuona iwapo risasi ya pili itahitajika.

Mgeni huenda ana vizibo masikioni. Wenzake, aghalabu, hawana, na ubahili si sababu ya pekee. Masikio ni chombo chao cha kazi. Kwenye nyasi ndefu, nyati husikika kabla hajaonekana: pumzi yake, hatua zake, au kelele za ndege wadonoao kupe mgongoni mwake wanaporuka kwa kushtuka. Mfuata nyayo aliyeziba masikio amejinyima nusu ya ujuzi wake. Aliyepigwa na mshindo wa breki amenyimwa nusu hiyo na mtu mwingine, na kwa dakika kadhaa hasikii lolote, ilhali nyati aliyejeruhiwa yuko mita 40 mbele yake.

Kuna jambo lisilo la haki katika biashara hii, nalo halisemwi vya kutosha. Mgeni hufyatua risasi chache, akaabiri ndege na kurudi kwao. Mfuata nyayo hupokea wageni msimu baada ya msimu. Nafuu ya bega ni ya mmoja, gharama ya masikio ni ya mwingine, na huyo wa pili hakuulizwa wakati kifaa kilipokuwa kikinunuliwa.

Wawindaji bingwa wengi wamechukua hatua wenyewe. Baadhi hukataa katakata breki katika kambi zao. Wengine huruhusu, kwa sharti kwamba asifyatue yeyote kabla kila mtu hajarudi nyuma ya usawa wa mdomo wa mtutu na kuziba masikio. Sharti ambalo ni jepesi kulitamka na gumu kulitimiza pale mnyama anapotoka kichakani ghafla. Hata watengenezaji walisikia malalamiko. Katika miaka ya 1990, kampuni ya Browning ilikuwa ikiuza kifaa chenye matundu kiitwacho BOSS, ikalazimika kutoa aina nyingine isiyo na matundu kwa ajili ya waliochoshwa na kelele.

Zipo njia nyingine za kulituliza bega ambazo hazimdhuru jirani. Uzito ni mojawapo: bunduki iliyoongezewa nusu kilo hurudi polepole, ingawa mbebaji huilipia kwa jasho kufikia saa sita mchana. Mpira mnene kwenye kitako husambaza msukumo katika muda mrefu zaidi. Kitako kilichochongwa kulingana na urefu wa mkono wa mwenyewe husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kikiwa kifupi mno, darubini huweza kumpasua nyusi.

Mkao nao una uzito wake. Aliyeketi kwenye meza ya mazoezi, kifua kikiwa kimegandamana na mbao, hupokea pigo lote, ilhali aliyesimama huyumba nalo na likapungua makali. Kwa hivyo mazoezi mengi yafaa kufanywa kwa wima, kwa risasi zenye baruti kidogo, na kwa mafungu mafupi ya risasi tatu au nne kisha kupumzika.

Kizuia sauti hufanya kazi zote mbili kwa pamoja. Huinasa gesi badala ya kuitawanya, kikapunguza mshindo kwa desibeli 20 au zaidi na msukumo wa nyuma pia. Nchini Afrika Kusini, Finland, Norway na New Zealand, wawindaji wengi hukitumia. Katika nchi nyingine kinadhibitiwa vikali au kupigwa marufuku, kwa kuhofia kwamba majangili na wahalifu watakifurahia zaidi.

Mwindaji asiyeweza kuiacha breki yake bado ana suluhisho la bei nafuu. Breki nyingi hufunguka, na huuzwa pamoja na kifuniko cha kuhifadhi mdomo wa mtutu. Waweza kuifunga kwenye uwanja wa shabaha, ambako kila mtu ana vifunika masikio, na kuifungua kabla ya kuingia porini. Hata hivyo, kuiondoa hubadilisha mtikisiko wa mtutu, na risasi haigongi tena pale ilipozoea kugonga. Lazima bunduki ijaribiwe upya ikiwa bila breki, na darubini irekebishwe kambini, siku moja kabla ya msako kuanza.