Moshi wa Tezi
Hatari ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa tunaijua, lakini imetuachia imani potofu kwamba nje, penye upepo, gesi ya kaboni monoksidi haikuwezi. Tazama Ziwa Powell, mpakani mwa Utah na Arizona nchini Marekani. Agosti 2000 ndugu wawili, wa miaka 8 na 11, waliogelea hadi kwenye uwazi ulio chini ya sitaha ya tezi ya boti ya makazi, ambamo jenereta ilikuwa ikimwaga moshi wake. Wakafa. Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya serikali ya usalama kazini, walipopima uwazi wa namna hiyo walikuta gesi ikifika sehemu 30,000 katika kila milioni ya hewa. Kwa kipimo chao wenyewe, 1,200 tu ni hatari ya papo hapo kwa uhai.

Mtu atasema: pale palikuwa kama chumba, boti ikiwa mwendoni, upepo hufagia kila kitu. Haufagii. Boti inapokwenda, hewa hupita ubavuni na kuacha nyuma yake pengo lenye mgandamizo mdogo, na pengo hilo huuvuta moshi urudi tezini. Ndipo hasa alipo mchezaji wa majini: anayeburutwa akiwa ameshikilia ubao wa tezi, pua yake shubiri chache kutoka kwenye bomba la moshi, na yule anayeteleza juu ya wimbi hatua chache nyuma ya boti. Anayevutwa kwa kamba ndefu ana nafuu kubwa. California ilikwisha kuupiga marufuku mchezo wa kuning'inia tezini, na walinzi wa pwani wa Marekani wanataka anayevutwa asisogee ndani ya futi 20, kama mita 6, nyuma ya boti inayokwenda.

Na jaketi la kujiokolea? Livaliwe, kwa sababu anayezimia majini huweza kuzama kabla gesi haijammaliza. Ila halimtoi ndani ya moshi. Hemoglobini ya damu hushikamana na gesi hii kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, na gesi yenyewe haina harufu. Kichwa kikiuma na miguu ikilegea, wenzake hudhani ni jua, mawimbi au pombe. Kweli, injini mpya za petroli zenye katalisti ya kusafisha moshi hutoa gesi kidogo sana, lakini katalisti hiyo haifanyi kazi ipasavyo kabla haijapata moto, na injini za zamani bado zimejaa majini. Kinachonisumbua zaidi ni kinachofuata kifo. Mwili ukiopolewa ziwani, neno "kuzama" huwa tayari mdomoni mwa kila mtu, na daktari asipoagiza damu ipimwe kaboni monoksidi, hakuna atakayelichungulia bomba la boti ile kabla haijapakia watoto wengine.