Mfano unaoonyesha na mfano unaoficha



Mara nyingi mwalimu anawaambia wanafunzi wake: «Tieni mifano, ili insha yenu ipendeze.» Kisha anasahihisha makaratasi 40, naye anakuta ndani yake simba, jua na maua, lakini wazo halimo. Kosa si la watoto. Wamefundishwa kwamba mfano ni pambo, kama ushanga shingoni. Sivyo. Mfano ni taa: kazi yake ni kuonyesha. Nayo taa yataka kuwekwa mahali pake. Kwa hiyo haifai kutenga somo la mifano na somo la kupanga insha.

1. Mfano watoka wapi?

Tunasema hapa juu ya mfano usio na neno «kama», ambao vitabu vya sarufi vinauita sitiari. Ukisema «chuki ni kama moto», umelinganisha. Ukisema «chuki ni moto», umetumia sitiari.

Mwanafunzi achukue mfano katika mambo ya kwao. Tutazame Shinkolobwe, karibu kilometa 20 kutoka Likasi. Inasimuliwa kwamba jina hilo ni la tunda linalochoma, na kwamba watu walimwita hivyo mtu mpole wa uso ambaye, akichokozwa, anakuwa mkali. Basi, kwa masimulizi hayo, jina lenyewe lilikwisha kuwa sitiari mbele ya mgodi kufunguliwa! Uraniumu iligunduliwa hapo mwaka 1915, na Union Minière ikaanza kuichimba mwaka 1921, kwa kutafuta radiumu. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1.000 za mawe hayo zilipelekwa New York. Na sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe.

2. Namna ya kupima mfano

Mwanafunzi mmoja aandike ubaoni: «Chuki ni jiwe la Shinkolobwe.» Mwalimu asisifu upesi. Aulize kwanza: Vitu hivi viwili vinafanana wapi? Vinaachana wapi?

Vinafanana hivi: mionzi ya jiwe lile haionekani kwa macho wala haina harufu, nayo yaweza kumdhuru yule anayekaa nalo siku nyingi. Vivyo hivyo chuki: mwenye kuitunza moyoni anaumia mbele ya adui yake.

Lakini vinaachana pia. Uraniumu inahitaji karibu miliari 4,5 za miaka ili nusu yake iishe, wala hakuna mtu awezaye kuiamuru iache. Chuki yaweza kwisha leo jioni, mtu akisamehe.

Tazameni sasa: mpango wa insha umekwisha kupatikana. Mwanzo unasema wazo kwa maneno meupe: chuki inamwumiza mwenyewe. Sehemu ya kwanza inaonyesha mambo yanayofanana. Sehemu ya pili, yale yanayoachana. Na mwisho unatoka katika sehemu ya pili, kwa kuwa hapo ndipo msomaji anapata tumaini. Kila fungu liwe na wazo moja. Tena jiwe lisigeuke mto katika fungu la pili, wala nyoka katika fungu la tatu.

3. Swali la tatu

Liko swali lingine, nalo ni zito kuliko yale mawili: Mfano huu unaficha nini?

Mwanzoni mwa mwaka 2004 amri ya Serkali ilifunga Shinkolobwe. Lakini watu waliendelea kuchimba kobalti kwa mikono, ili wapate posho ya watoto wao. Mwezi wa Julai mwaka ule ule sehemu ya mgodi wa zamani ikabomoka, na wachimbaji kadhaa wakafa.

Mwanafunzi aweza kuandika: «Udongo uliwameza.» Ni maneno mazuri, wasikilizaji watalia. Lakini udongo hauna kinywa. Sentensi hiyo inatupa lawama yote juu ya udongo, na hakuna anayeuliza tena kwa nini baba wa watoto alishuka katika shimo lililokatazwa. Akiandika «Njaa iliwashusha shimoni», hiyo nayo ni sitiari. Lakini inafungua maswali: Njaa ya nani? Kobalti ilikuwa ya kumfaidia nani?

Ndiyo sababu tunashauri hivi: mwanafunzi aandike kwanza mambo yenyewe bila mfano wo wote, yaani nani, wapi, lini, kwa nini. Kisha achague mfano mmoja, auweke mahali ambapo jambo ni gumu kuonekana. Mfano ukifunika neno lo lote la yale aliyoandika kwanza, aufute, hata ukiwa mtamu.

Katika Matayo 13 Bwana wetu Yezu Kristu anasimulia mfano wa mpanzi, kisha anawafafanulia wanafunzi wake mbegu ni nini, njia ni nini, miiba ni nini. Sisi nasi tufanye vile.

Ndugu Mseminari, siku moja utasimama mbele ya majeneza ya wachimbaji, na wajane watakutazama. Siku ile hutakuwa na nafasi ya kujifunza. Jifunze sasa, katika kalasi, kwa kalamu na kifutio.