KUSHUKA NI HIARI, KUPANDA NI LAZIMA
Jiandae kabla ya kuteremka Ziwa Ngosi



Ndugu msomaji, kila shule zinapofungwa mwezi wa Juni, hapa kwetu Chang'ombe mjini Dodoma huanza mipango ya matembezi. Madrasa hukodi basi, ndugu wa familia moja huchangishana mafuta ya gari, na tangu barabara ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera iwekwe lami, wengi huelekea Mbeya kutazama Ziwa Ngosi. Ni jambo jema. Kutembea katika ardhi na kutafakari uumbaji wa Mwenyezi Mungu ni jambo tulilohimizwa. Lakini tumekatazwa pia kujitia wenyewe katika maangamizo, na safari hii ina mtego ambao wengi hawauoni mpaka wameshanasa.

Mtego wenyewe ni huu. Ukipanda mlima wa kawaida, ukichoka unageuza na kuteremka. Ngosi ni kinyume chake. Ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, katika msitu wa milima ya Uporoto, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Unapanda msituni hadi ukingoni, ambako sehemu ya juu kabisa inakaribia mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Kisha anayetaka kugusa maji huteremka ukuta mkali wa msitu, akishika mizizi na matawi. Anafika chini amefurahi, miguu imeshachoka, na njia ya kurudi ni ile ile aliyoteremkia. Sehemu ngumu ya safari inamngoja wakati nguvu zimekwisha.

ILIYOTUPATA SISI

Miaka michache iliyopita nilifuatana na ndugu zangu kwenda huko. Alikuwamo baba yangu mdogo, mtu wa makamo, mwenye kisukari anayetumia vidonge vya kushusha sukari. Asubuhi alimeza dawa yake kama kawaida, akanywa chai bila kitafunwa kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi. Aliteremka hadi majini akiwatania vijana. Wakati wa kupanda, kabla hatujafika nusu ya njia, akaanza kutoka jasho jingi katika baridi ile, mikono ikitetemeka, na akawa mkali kwa kila anayemsemesha. Vijana wakadhani amekasirika. Mimi ambaye ni tabibu nilichelewa kutambua kuwa ni sukari imeshuka.

Biskuti zilikuwa zimekwisha, watoto walizila kule chini. Aliyetuokoa, kwa uwezo wa Allah, ni binti mmoja aliyekuwa na tende chache kwenye mkoba wake. Baba mdogo alikula, baada ya robo saa akili ikarejea, akapumzika, tukampandisha taratibu hadi juu huku giza likiingia msituni. Lawama ile naibeba mwenyewe. Nilijua ugonjwa wake, na asubuhi ile sikumuuliza hata swali moja: "Baba, umekula?"

NANI ASITEREMKE

Si kila aliyefika ukingoni ni lazima afike majini. Ziwa huonekana vizuri kutoka juu, na hakuna aibu kubaki pale na chupa ya chai. Wafuatao nawashauri wabaki: mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu ambalo halijatulia, mama mjamzito, mwenye maumivu ya magoti, na mtoto mdogo ambaye itabidi abebwe.

Mwenye selimundu ajihadhari zaidi. Upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu mkali na hewa nyepesi ya mwinuko ule, kila kimoja kinaweza kumletea maumivu makali ya mifupa na kifua. Huyu asiende kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni mwake, si kwenye begi lililobaki ndani ya basi. Mwenye kisukari ale kwanza ndipo ameze dawa, abebe glukosi, sukari au tende, na amwambie anayefuatana naye dalili zake. Akizidiwa na bado ana fahamu, apewe kitu kitamu mara moja. Akiwa hana fahamu asilishwe chochote, maana atapaliwa. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali haraka.

MIGUU IANDALIWE MAPEMA

Wengi hudhani kuteremka hakuchoshi. Pumzi kweli haichoki, lakini misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki kila hatua. Dereva wa lori anayeteremka Nyang'oro ananielewa: mteremkoni kinachoungua ni breki. Ndiyo maana mtu akifika chini magoti humtetemeka, na siku ya pili au ya tatu hushindwa hata kuchuchumaa chooni.

Dawa yake ni mazoezi ya wiki tatu kabla ya safari. Mara mbili kwa wiki nenda Mlima Imagi, panda, kisha teremka polepole bila kukimbia. Usipoweza, tumia ngazi za jengo lolote. Misuli iliyozoea kuteremka haiumii kama ile iliyoshtukizwa.

Kata kucha za miguu siku mbili tatu kabla, zikiwa fupi na zilizonyooka, kwani kidole kinapogonga ncha ya kiatu kucha huvia damu na kung'oka. Vaa viatu vyenye meno, vilivyokwisha kuzoea mguu, na unapoteremka kaza kamba karibu na kifundo ili mguu usiteleze mbele. Kandambili na viatu vya sikukuu viache nyumbani.

MAVAZI

Sisi wa Dodoma tukisikia kiangazi tunafikiri jua na vumbi. Uporoto mwezi wa Juni na Julai ni baridi, ukungu na matope ya msituni. Nguo ya pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi mwilini, hivyo beba sweta, koti la mvua na fulana kavu ya kubadilisha.

Akina mama na mabinti, stara haigombani na usalama. Baibui linaloburura chini litakanyagwa na kukuangusha. Vaa suruali pana, na juu yake gauni pana linaloishia chini ya magoti, na mtandio uliobanwa vizuri usinaswe na matawi.

Ukimwona mwenzako anatetemeka, anaongea kama mlevi na kujikwaa kwaa, baridi imemwingia mwilini. Mvueni nguo zilizolowa mahali penye stara, mvisheni kavu, mfunikeni hadi kichwa, na akiwa na fahamu apewe chai ya moto yenye sukari.

MAJI NA CHAKULA

Mtu mzima abebe lita mbili hadi tatu, na nusu ya maji hayo yasiguswe kabla ya kuanza kupanda. Hii ndiyo kanuni ninayoomba uishike kuliko zote. Kadhalika chakula: tende, karanga, viazi vya kuchemsha na mayai, nusu ni ya kwendea na nusu ni ya kurudia. Beba pakiti za ORS. Pakiti moja ichanganywe katika lita moja ya maji safi. Ukizikosa, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja, vijiko viwe vya usawa, si vya kujaa.

Maji ya ziwa usinywe, hata yakionekana safi. Wala usiogelee: ukingo wake unazama ghafla, kina chake kinapita mita 70, na hakuna wa kukuokoa.

TWAHARA NA SALA

Watu wengine huharakisha kupanda kwa hofu ya kupitwa na Adhuhuri, wakateleza. Dodoma hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 500. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, basi itumie. Aliyefunga sunna naye ana ruhusa ya kufungua, na siku hiyo nashauri usifunge kabisa.

Udhu hauhitaji maji mengi, Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kiasi kisichofika lita moja. Ukiwa majini, chota kwa kikombe, tawadha mbali kidogo na ukingo unaoteleza. Ukiwa njiani na maji uliyonayo unayahitaji kwa kiu, sharia imekupa tayamamu. Haifai kumaliza maji ya kunywa kwa udhu kisha kumtwisha mwenzako mzigo wa kukubeba.

Kuhusu haja, nenda kabla ya kuingia msituni. Ikikubana huko ndani, sogea mbali na njia na mbali na maji, chimba shimo la kina cha shubiri moja, kisha fukia. Beba chupa ndogo ya kustanjia na kipande cha sabuni. Taka zote, pamoja na nepi na pedi, zirudi nanyi kwenye mfuko. Kuchafua njia ya watu na maji yao kumekatazwa katika dini yetu.

SAA YA KUGEUKA

Kabla ya kuteremka, kubalianeni saa ya kugeuka, kwa mfano saa sita mchana, na ikifika geukeni hata kama baadhi hawajagusa maji. Tengeni kwa kupanda muda mara mbili ya ule wa kuteremka. Nendeni na mwenyeji anayeijua njia. Akisema leo njia inateleza, msibishane naye. Mwendo uwe wa aliye dhaifu kuliko wote, naye atangulie, asiachwe nyuma.

Ndugu msomaji, ukisimama pale ukingoni na kuyaona maji ya kijani kule chini, nafsi itakuhimiza uteremke. Jiulize kwanza: maji ya kurudia ninayo? Nimekula? Aliye pamoja nami amekula? Kama jibu ni hapana, keti hapo hapo, tazama, msifu Muumba wako, kisha urudi nyumbani salama.

Wabillahi tawfiq.