Je, Wajua? Vimelea Visivyoonekana na Saluni ya Ihowanja

Je, wajua kwamba Ifakara, mji wa Tanzania wenye maabara ya magonjwa ya kitropiki tangu 1957, kuna watu wanaosema mchawi anaweza kuficha vimelea vya malaria visionekane kwenye darubini? Susanna Hausmann Muela na wenzake wawili waliyakuta maelezo hayo Ifakara na kuyachapisha mwaka 1998. Mtoto anachemka, kipimo kinasema hana kitu. Basi kuna mkono wa mtu. Apelekwe kwanza kwa mganga, uchawi uondolewe, ndipo arudi hospitali dawa ifanye kazi. Vimelea vikionekana safari hii, mganga kapatia. Visipoonekana, bado vimefichwa. Hakuna jibu la maabara linaloweza kumkosesha mganga wa namna hiyo.

Kipimo, kwa kawaida, kilisema kweli. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Waliokutwa na malaria walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na virusi ndivyo vilivyotia fora.

Dawa ya vita vya Maji Maji nayo ilijaribiwa huku huku. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji walilivamia boma la Mahenge wakiamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Bombomu mbili ziliwapukutisha. Lakini dawa ile ilitolewa pamoja na miiko, na aliyeanguka ilikuwa rahisi kumsema kwamba kavunja mwiko. Mwanamazingaombwe James Randi wa Marekani aliuziba mlango huo wa visingizio kwa kuwataka wanaodai nguvu za ajabu wakubali kabla ya jaribio ni kipi kitahesabika kuwa wameshindwa. Zawadi yake kwa atakayefaulu ilifika dola milioni moja. Hadi inafungwa mwaka 2015 hakuna aliyeichukua.

Sasa toka Ifakara, vuka mto Kilombero, pita Lupiro uelekee Malinyi. Kijijini Ihowanja ndiko Bibi Kalembwana alikojijengea jina kwa kunyoa wachawi, kazi ambayo Maia Green na Simeon Mesaki waliiandika mwaka 2005 wakiiita "saluni". Mtuhumiwa alinyolewa nywele, akapewa dawa na miiko. Akirudia uchawi, dawa itamgeukia. La kushangaza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba aliyemtuhumu naye alinyolewa. Nani mchawi, nani msema uongo? Swali hilo liliachwa bila jibu, wote wakarudi nyumbani na vipara.

Na walikwenda na barua ya uongozi wa kijiji, katika nchi ambayo tangu sheria ya mwaka 1928 kumwita mtu mchawi ni kosa.